Kinu Kisichokuwamo Katika Kipimo

Tunaanza kwa jina lake Yeye aliyeziinua mbingu bila ya nguzo za kuonekana, akaitandaza ardhi ikawa makazi, na akawafundisha waja wake kujenga kuta ili wasitiriane. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu, aliyetufunza kubisha hodi mara tatu na kurudi tulikotoka tusipoitikiwa; ziwafikie pia Ahli zake na Sahaba zake wote. Amma baad.

Kisa hiki kimepokewa mdomo kwa sikio. Mwalimu aliyetusomesha alikipokea kwa babu yake, na babu alikipokea kwa msafiri mmoja wa Yemeni aliyelala kwao siku tatu akielekea Hija. Wapokezi wametofautiana juu ya jina la mji. Wako waliolitaja na wako walionyamaza. Nasi tutanyamaza pamoja na walionyamaza, kwani faida yake haimo katika jina.

Inasimuliwa kwamba katika mji huo, uliokaa bondeni baina ya milima miwili, watu walikuwa wakijenga nyumba ndefu za matofali ya udongo, ghorofa juu ya ghorofa, kwa sababu ardhi ya kulima ilikuwa chache na hawakutaka kuilalia. Na nyumba zikibanana, haki za watu nazo hubanana. Ndipo maliwali wa mji wakaweka muhtasibu wa majengo, mtu wa kukagua kuta zilizoinama, paa zinazomwaga maji ya mvua mlangoni pa jirani, vibaraza vilivyoila njia ya wapitao, na madirisha. Katika hayo yote, hapakuwa na lililozaa ugomvi kama madirisha.

Zama hizo muhtasibu alikuwa Ukba bin Sinani, Mungu amrehemu. Alikuwa mtu wa maneno machache na mkono usiotikisika. Aliwahi kumwamuru liwali mwenyewe abomoe kibaraza chake; liwali akakibomoa, akamnunia mwezi mzima, kisha akamtumia kikapu cha tende.

Kanuni ya madirisha ilikuwa hivi. Huwekwa kitanda chini ya dirisha, na akasimama juu yake mtu wa kimo cha wastani. Ikiwa kizingiti cha chini cha dirisha kinapita utosi wake, dirisha hilo ni la hewa na mwanga, liachwe. Ikiwa macho yake yanavuka kizingiti, naye akaweza kuona uani kwa jirani, dirisha hilo ni la kuchungulia, lizibwe.

Lakini Ukba alikuwa mtu wa wara, ajiepushaye hata na yenye shaka, akaona dhiki ndani ya kazi yake. Alisema moyoni: ili nijue kama dirisha linachungulia, hapana budi nichungulie, na nikichungulia, nimekwisha kutenda lile lile nililokuja kulizuia. Basi tangu mwaka wake wa kwanza akawa anakwenda kazini na mkewe, Bi Lubaba. Wakifika chumbani, Ukba huweka kitanda mahali pake, akageuza uso wake ukutani. Bi Lubaba hupanda, akatazama, kisha akatamka neno moja katika mawili: "Acha," au "Ziba." Ukba akaandika. Miaka ishirini na miwili walikwenda hivyo. Mara moja tu Bi Lubaba alizidisha. Mwenye nyumba alikuwa akipiga kelele kwamba mwanamke hajui madirisha, naye akasema kutoka juu ya kitanda, "Ukba, ziba. Na ukibakiwa na udongo, mzibe na huyu mdomo." Hadithi hiyo ilichekwa mjini mpaka kwenye harusi.

Kisha Bi Lubaba akashikwa na homa, akafa siku ya tisa. Sisi sote ni wa Mwenyezi Mungu, na kwake ni marejeo.

Liwali alipokwisha kutoa pole alisema, "Ukba, kazi haiwezi kusimama. Tukutafutie mwanamke mwingine mwaminifu awe macho yako." Ukba akajibu, "Bado, bwana wangu. Nipeni muda." Akachonga fimbo, akaitia alama: hapa kimo cha kitanda, hapa utosi wa mtu. Tangu hapo akawa anakagua kwa fimbo peke yake. Watu waliliona hilo kuwa ni uchamungu. Lakini yeye nafsi yake alijua, na hakumwambia mtu, kwamba asingestahimili kulisikia neno "Acha" likitoka katika kinywa kingine. Kila afikapo mlangoni, hata baada ya miezi saba, alikuwa akijivuta kando kidogo kabla ya kuingia, kama mtu ampishaye mwenziwe.

Siku moja, baada ya sala ya Alasiri, akamjia Haritha, mtia rangi nguo.

"Muhtasibu, Mungu akutengenezee mambo yako. Nimekuja kumshitaki jirani yangu, nami naona haya kumshitaki."

"Ni yupi?"

"Bi Atika."

Waliokuwapo barazani wakacheka. Mmoja akasema, "Haritha, umeishiwa na maadui hata ukamwandama bibi kizee?"

"Cheka wewe usiye na mabinti," Haritha akamjibu. "Wangu watatu wanatia rangi uani kutwa nzima, mikono wazi mpaka mabegani, maana rangi ya nila haiingii katika shuka kwa kubembelezwa. Sasa wanafanya kazi wamejifunika gubigubi kama wasafiri wa jangwani, na huku moto wa masufuria unawapiga. Mkubwa wao, Raita, anasema kuna macho."

"Ameyaona?" Ukba akauliza.

"Hajayaona. Anasema anayahisi juu ya shingo yake."

"Dirisha lile lilikaguliwa," Ukba akasema, na sauti yake ikatoka kali kuliko alivyokusudia. "Lilikaguliwa, likaachwa."

"Najua lilikaguliwa. Na najua lilikaguliwa na nani, Mungu amrehemu. Lakini dirisha la miaka kumi na moja iliyopita, bwana wangu, ni kama mtoto uliyemwona akinyonya. Huwezi kuapa leo kwamba hana meno."

Jioni ile Ukba alifungua daftari lake la zamani, akatafuta mpaka akaliona. Mwandiko ulikuwa wake, na hukumu ilikuwa ya mkewe: "Dirisha la Bi Atika binti Nufaili, ghorofa ya tatu, upande wa kusini. Limetazamwa na Lubaba. Haonekani mtu. Liachwe." Akaweka kidole juu ya neno la mwisho, akakaa nacho hapo kitambo. Akajua kwamba akilipindua neno hili, atakuwa amelipindua neno la mtu asiyeweza tena kusema jingine.

Sasa na ijulikane habari ya dirisha lenyewe. Bi Atika alikuwa mjane mwenye mwana mmoja tu, Masruki. Masruki alipotimia miaka kumi na tisa aliondoka na msafara wa ngamia kwenda kutafuta ilimu nchi ya Sham, akamwambia mama yake, "Nitarudi kwa njia ya kusini, mama. Wewe utaniona kabla mimi sijakuona." Baada ya mwezi mmoja Bi Atika akaomba ruhusa ya kufungua dirisha upande huo. Kwa kuwa baina ya nyumba yake na njia ulikuwapo ua wa Haritha, akaamriwa aliweke juu, kwa kimo cha kanuni. Akalifungua. Lubaba akapanda kitandani, akatazama, hakuona ila mbingu, akasema, "Acha." Basi mama yule aliomba njia, na sheria ikampa mbingu.

Kesho yake, jua likiwa limepanda kiasi cha mikuki miwili, Ukba akaenda. Mlango wa chini uliachwa wazi, na Haritha akaketi ngazini, kama adabu ilivyotaka. Ukba akapanda mpaka ghorofa ya tatu, akajivuta kando kidogo mlangoni, ndipo akaingia. Bi Atika aliliona hilo.

"Karibu, mwanangu. Ngazi zimekutoa jasho? Mimi huzipanda mara tano kwa siku, na magoti yangu yalinitangulia kuzeeka."

"Nimekaribia, mama. Nimekuja kwa ajili ya dirisha. Jirani yako ana malalamiko."

"Ana haki ya kulalamika. Pima."

Ukba akakisogeza kitanda. Kilikuwa kitanda cha mkunazi, kizito, miguu yake imeacha alama sakafuni. Akasimamisha fimbo, macho yake yakiwa chini. Akapapasa kwa mkono mpaka kwenye kizingiti, akapima kwa vidole baina ya kizingiti na alama ya utosi. Zilikuwa nyanda nne, yaani upana wa vidole vinne. Kizingiti kimepita utosi kwa nyanda nne, kama kilivyokuwa siku ile.

Furaha ikampanda kifuani, furaha ambayo hakuitazamia. Akaona kama kwamba Lubaba amesema tena, na amesema kweli. Akaketi, akafungua daftari, akachovya kalamu.

"Limepita, mama. Haritha atasikitika, lakini kanuni ni kanuni."

Bi Atika alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono ndani ya mtandio wake. Ukba akaandika jina lake, na jina la baba yake, na ghorofa. Alipofika penye hukumu, Bi Atika akasema, "Ngoja."

Akapiga magoti kwa taabu, akaingiza mkono chini ya kitanda, akavuta. Kitu kizito kikabiringika sakafuni kwa kishindo, kikasimama mbele ya miguu ya Ukba. Kilikuwa kinu cha mbao, kitako chake kimeng'aa kwa kukanyagwa.

"Hukukipima hiki," akasema.

Ukba akakitazama kinu, asifahamu. "Hiki ni cha kutwangia."

"Hakijatwanga kitu tangu mwaka wa pili wa safari ya Masruki. Nakipindua juu ya kitanda, nakipanda, na macho yangu yanafika."

"Kinu juu ya kitanda? Mama, ungeanguka!"

"Nimeanguka mara mbili. Mara ya tatu nikawa nimejifunza."

Ukba akaweka kalamu chini. Moyo wake ulikuwa umekwisha kuandika "Liachwe", na mkono ulikuwa njiani. Akasema, na huku anajisikia akisema, "Mama, kanuni inataja kitanda. Haitaji kinu. Watu wakipandisha ngazi, wakipandisha magunia, hapana dirisha litakalosalimika katika mji huu. Mimi ni mtu wa kanuni. Nikiandika kwamba limepita, sijasema uongo."

"Hujasema uongo," Bi Atika akamwitikia. "Na mimi nikinyamaza sijasema uongo. Tazama tulivyo wakweli sisi wawili, na binti wa watu yuko chini anaosha nywele."

Ukba akalisukuma daftari kando.

"Mwanangu, yule Raita ana kovu nyuma ya shingo, chini ya mashina ya nywele, limekaa kama jani la mkunazi. Mama yake hakunionyesha. Yeye mwenyewe hakunionyesha. Nimelijuaje?"

Hapo ikasikika hatua ngazini. Haritha alikuwa amesimama mlangoni, uso umebadilika. "Alikuwa na miaka sita," akasema polepole. "Lilikuwa sufuria la rangi. Hata wajomba zake hawalijui kovu lile."

"Basi ingia, Haritha, usikie mwenyewe, nisije nikafupisha," Bi Atika akamwambia. Akaketi juu ya ukingo wa kitanda. "Wallahi kila siku nilianza na njia. Nilipanda kwa ajili ya njia. Lakini njia ni ndefu na tupu, na macho huchoshwa na utupu, yakashuka penye watu. Nikawaona mabinti zako wakirushiana povu, wakicheka. Nyumba hii haina kicheko, nikakiiba chao. Niliposikia kwamba muhtasibu anakuja, nikakificha kinu, nikasema moyoni: akija na mkewe nitashikwa, na nikishikwa nitapumzika. Kisha nikakumbuka kwamba mkewe hayupo. Umekuja na fimbo, mwanangu, na fimbo haina macho."

Neno hilo lilimwingia Ukba pale ambapo hapakuwa na ngao. Alijua kwamba kwa miezi saba alikuwa amekagua nyumba za watu kwa fimbo, si kwa ajili ya uchamungu, bali kwa ajili ya huzuni yake. Na Mungu ndiye ajuaye ni vinu vingapi vilivyokuwa chini ya vitanda vingapi.

Bi Atika akamtazama, akailegeza sauti. "Wala usidhani kwamba Lubaba alikosea. Alisimama hapo hapo. Alisema aliloliona. Kinu hakikuwapo siku ile. Nilikuwa bado nina subira."

Ukba akamgeukia Haritha. "Umesikia. Wasemaje?"

Haritha alikuwa akijifuta uso kwa ncha ya kilemba. "Mimi niseme nini? Ningetaka kusema liachwe. Lakini anayetazamwa si mimi. Haki hii ni ya mabinti, nami siwezi kuigawa kama tende. Nipeni ruhusa nikawaulize."

Akashuka. Wale wawili wakabaki chumbani, kila mmoja na msafiri wake. Haritha aliporudi alisema, "Wadogo wamesema analotaka Raita ndilo lao. Na Raita amesema hivi, nami nayafikisha kama yalivyo: 'Mwambieni Bi Atika nimemsamehe yaliyopita, na sitamdai mbele ya Mungu. Lakini dirisha lizibwe. Nywele zangu hazikuwa sadaka.'"

"Amesema kweli binti yako," akasema Bi Atika. "Mlee hivyo hivyo."

Ukba akafuta alichokianza, akaandika: "Lizibwe baada ya siku tatu." Na chini yake, kwa kuwa hakuwa na shahidi mwingine, akaandika: "Limetazamwa na Bi Atika binti Nufaili, mwenye nyumba, dhidi ya nafsi yake."

Ilikuwa desturi ya mji huo kwamba muhtasibu akiamuru kuziba, hulaza tofali la kwanza kwa mkono wake, ili asizoee kuamuru yale ambayo hajayaonja uzito. Siku ya tatu Ukba akapanda na tofali moja, na fundi nyuma yake na mengine. Bi Atika akaomba jambo moja: mabinti waitwe ndani kitambo, atazame mara ya mwisho. Wakaitwa. Akakipindua kinu juu ya kitanda, akapanda, mke wa Haritha, aliyekuja kumsaidia, akimshika kiuno. Ukba na fundi wakageuza nyuso zao ukutani.

Muda ukapita. Ukba akauliza, kwa mazoea ya miaka mingi, "Unaona nini?"

"Njia."

"Na juu yake?"

"Hapana mtu." Akavuta pumzi. "Ziba."

Ukba akageuka na tofali lake. Bi Atika akashuka, naye Ukba akapanda, akatamka Bismillahi, akalaza tofali kwenye udongo mbichi, akalisawazisha kwa kiganja. Fundi akamaliza kabla ya Adhuhuri. Chumba kikawa na giza la mchana, ambalo ni baya kuliko la usiku, kwa kuwa mtu anajua kwamba nje kuna jua.

Inasemwa kwamba siku kumi baadaye Raita alibisha hodi kwa Bi Atika, akiwa na chupa ya mafuta ya ufuta. Alipoingia akaketi mkekani mbele yake, akamgeuzia mgongo, akavua mtandio. "Bibi," akasema, "mama yangu mikono yake imechubuka kwa nila. Nipake wewe." Bi Atika akampaka, na vidole vyake vikapita juu ya lile kovu. Kitu kile kile alichokuwa akikichukua kwa mbali bila ya idhini, sasa kilikuwa mikononi mwake kwa idhini ya mwenyewe. Na watu wenye akili wanajua umbali uliopo baina ya mambo hayo mawili.

Ama Ukba, alikaa na nafsi yake siku kadhaa, kisha akaenda kwa liwali.

"Bwana wangu, uliniambia nitafute macho mengine, nami nikaomba muda. Muda umekwisha. Nimempata."

"Alhamdulillahi. Ni nani?"

"Bi Atika binti Nufaili."

Liwali akacheka hata akashika ubavu. "Yule uliyemzibia dirisha? Umemtia hatiani kwa kuchungulia, kisha unamweka kazini achungulie?"

"Wanawake wengine, bwana wangu, nitawauliza nao watanijibu. Huyu alinijibu kabla sijamuuliza, na jibu lake lilimnyang'anya kitu pekee alichokuwa nacho. Nikimwacha huyu, nitamwamini nani?"

Liwali akaacha kucheka. Akasema, "Nenda kamwite."

Ukba alimkuta Bi Atika ameketi chini kwenye kizingiti cha mlango wake, mahali ambapo huonekana mbuzi na miguu ya wapitao tu.

"Nina kazi, mama."

"Kazi gani kwa magoti haya?"

"Kutazama."

Akainua uso. "Wanijaribu, Ukba?"

"Mwenye kujaribu ni Mungu. Mimi nina mji mzima wa madirisha na fimbo isiyo na macho."

Bi Atika akayapapasa magoti yake. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo Ukba aliisikia kwa shida, "Na njia je? Nikiwa juu huko, nikaiona?"

"Ukishazitazama haki za watu na kutamka neno lako, wenye ua wakiwa wamekwisha kuingia ndani, una pumzi tatu. Hizo ni zako. Sitauliza unazitumiaje."

"Pumzi zangu ni ndefu, nakuonya."

"Zitavumilika."

Tangu siku hiyo walionekana wakikagua pamoja, mzee na fimbo yake, na bibi na magoti yake, ngazi baada ya ngazi, wakipumzika kila ghorofa na kulaumiana juu ya nani aliyeanza kuchoka. Wakafika hata kwenye nyumba zile za miezi saba, wakazikagua upya zote, na mengi yakafunuliwa yakarekebishwa. Bi Atika akifika chumbani, jambo lake la kwanza lilikuwa kuinama na kutazama chini ya kitanda. Hakuna mwenye nyumba aliyeweza kumficha kitu. Walisema, "Huyu huwezi kumdanganya, amekwisha kuyafanya yote."

Akipanda, aliangalia kwanza uani kwa jirani. Alisema "Acha" au "Ziba". Wenye ua wakaambiwa waingie ndani kitambo. Kisha kikaja kimya cha pumzi tatu. Kutoka dirisha la mfua shaba aliona kipande cha njia penye mkwaju. Kutoka dirisha la kadhi aliona kivuko. Kutoka nyumba za juu aliona mpaka pale njia inapoingia baina ya milima. Njia ile ambayo alikuwa na tundu moja tu la kuitazamia, sasa aliijua kwa madirisha ya mji mzima. Naye Ukba, uso ukutani, alikuwa akizitumia pumzi hizo hizo kumwombea Lubaba. Wala hawakuambiana.

Wakaenda hivyo miaka sita. Misafara ilikuja na misafara ilikwenda. Mwisho wa yaliyopokewa ni kwamba siku moja waliitwa kwenye nyumba mpya mwisho wa mji, ndefu kuliko zote. Bi Atika akapanda kitandani, akatazama, akasema, "Acha. Hapa chini ni shamba tu, hapana ua wa mtu." Ukba akangoja pumzi tatu. Zikapita. Zikapita nyingine tatu, na nyingine, hata akaingiwa na hofu, lakini hakugeuka.

"Mama, unaona nini?"

"Vumbi."

"Vumbi la nani?"

Ukba akasikia kitanda kikilia chini ya miguu ya bibi, kama mtu aliyesimama kwa ncha za vidole.

"Bado ni vumbi tu, mwanangu," Bi Atika akasema. "Wewe andika. Dirisha hili liachwe."

Msafiri wa Yemeni alipofikia hapa aliulizwa, "Ni Masruki aliyekuwa katika vumbi lile?" Akasema, "Mimi nimepewa mpaka vumbi. Sikuongezewa, nami siongezi."

Enyi mliosikiliza, kumngoja umpendaye si dhambi. Nabii Yaakub alingoja mpaka macho yake yakawa meupe kwa majonzi, wala Mola wake hakumlaumu. Lakini shauku ya moyo haimhalalishii mtu haki ya mwenziwe, hata iwe ni haki ndogo kama unywele uliooshwa. Na kila mmoja wetu ana kinu chini ya kitanda, ambacho hapana muhtasibu aliyekitaja katika kanuni zake. Heri yake akitoaye mwenyewe.

Mwenyezi Mungu awarudishie wasafiri wenu wakiwa salama. Na waliokwenda safari isiyo na marejeo awakutanishe nao mahali ambapo hakuna kuta wala kungoja. Azisitiri nyumba zenu, aziinamishe nyoyo zetu kabla ya macho yetu, na amlipe kila aliyetega sikio mpaka mwisho ujira wa mwenye subira. Amin.